Mabamba ya Plastiki ya Barabara ya Mawe: Yafaa Uwanjani, Yashindwa Konani

Yadi ya mizigo ya meza yangu ya reli za mfano sasa imetandikwa mawe kutoka ukuta wa ghala hadi ukingo wa barabara, na karibu eneo lote hilo limefunikwa kwa bidhaa moja: mabamba ya plastiki yenye sura ya mawe yaliyopangwa, yanayouzwa sita katika pakiti moja, kila bamba likiwa na urefu wa milimita 300, upana wa milimita 200 na unene wa nusu milimita. Nimeyakata, nimeyabandika, nimeyabandua na kuyabandika tena, kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya mtu aliyekwisha kutumia karibu pakiti nzima, si ya aliyefungua mfuko na kuvutiwa na picha iliyo juu yake. Niseme mapema msimamo wangu. Jiwe lenyewe limetengenezwa vizuri, lakini barabara ya mawe haihukumiwi kwa jiwe moja moja. Huhukumiwa pale mawe yanapokutana na kitu kingine, iwe ni reli, ukingo, kona, mfuniko wa mtaro au bamba la jirani. Hapo ndipo bidhaa hii inapopata alama zake, na ndipo inapozipoteza.

Nianze na kipimo, kwa kuwa ndicho kinachodaiwa kwa herufi kubwa kwenye pakiti. Mabamba yanasemekana kuwa ya 1:76, kipimo ambacho wajenzi wa reli za mfano wa Uingereza hukiita OO. Nilihesabu safu 10 za mawe na kuzipima kwa pamoja, njia inayopunguza makosa ya macho, zikatoka milimita 21, yaani milimita 2.1 kwa kila safu. Ukizidisha kwa 76 unapata jiwe halisi lenye upana wa karibu sentimita 16, na kwa kuwa urefu wake kwenye bamba ni milimita 3.4, jiwe hilo lingekuwa na urefu wa karibu sentimita 26. Mawe ya granaiti yaliyochongwa kwa ajili ya barabara yalikuwa ya vipimo vingi, lakini yale yenye upana wa kama sentimita 10 yalikuwa ya kawaida sana, kwa sababu jiwe jembamba huleta viungo vingi, na ni kwenye viungo hivyo kwato za farasi zilipopata pa kushika. Katika 1:76, sentimita 10 ni milimita 1.3 tu. Basi mawe ya bamba hili ni makubwa kuliko inavyopasa, ingawa si kwa kiasi cha kuudhi. Ukiweka karibu nayo mkokoteni na mtu mwenye urefu wa milimita 23, jicho linayakubali. Anayejenga kwa 1:87, yaani HO, asiyanunue, kwani kwake kila jiwe litakuwa na sentimita 18 kwa 30, kipimo cha jiwe la kujengea ukuta. La kushangaza ni kwamba mjenzi wa kipimo cha O, 1:43.5, angepata mawe ya sentimita 9 kwa 15, ambayo ni ya kuaminika kuliko yale ninayoyapata mimi niliyelengwa na pakiti. Mtengenezaji angebadilisha tu namba iliyoandikwa, angekuwa amesema kweli zaidi.

Viungo kati ya mawe vina upana wa karibu nusu milimita. Hiyo ni sawa na sentimita 3.8 katika barabara halisi, mwanya ambao kisigino cha kiatu chembamba kingezama. Karibu kila bidhaa ya aina hii ina dosari hiyo, kwa sababu kiungo cha sentimita moja kingetakiwa kuwa na milimita 0.13 na kingejaa rangi kwenye mpako wa kwanza. Siilaumu. Ninachokilaumu ni kwamba viungo vyote vina kina kimoja na unyofu mmoja, kana kwamba fundi alikuwa mashine, na ndivyo ilivyokuwa. Nilitumia jioni mbili kupitisha ncha ya sindano nene hapa na pale, kuzungusha pembe za mawe machache na kukandamiza mengine kwa kichwa cha msumari ili yaonekane yametitia chini ya magurudumu ya mikokoteni. Jiwe moja kati ya kumi na tano linatosha. Ukizidisha, yadi itaonekana imepigwa mabomu.

Mpangilio ni wa safu zilizonyooka, mawe yakipishana kama matofali ukutani. Huu ndio mpangilio sahihi kwa mawe ya kuchonga katika sehemu za kazi, mradi safu zikatize barabara na zisiende nayo. Mafundi walizilaza hivyo kwa makusudi: kiungo kirefu kinachokwenda sambamba na mwendo hugeuka kuwa mfereji wa gurudumu la chuma, kingo za mawe zikamomonyoka, na farasi naye akakosa mahali pa kujizuia. Nimeona meza nyingi nzuri zenye safu zinazokimbia kwa urefu wa barabara kwa sababu tu bamba lilitosha vizuri zaidi kwa upande huo. Kando ya ukingo mambo hugeuka, kwani safu mbili au tatu hulazwa kwa urefu ili maji ya mvua yateremke bila kukwama. Pakiti haina mawe ya kazi hiyo, ikanilazimu kukata vipande vyembamba vya safu tatu kutoka bamba la tatu na kuvigeuza. Pia ifahamike kwamba haya si mawe ya mviringo yaliyookotwa mtoni na kupangwa kichwa juu, ambayo ni ya barabara za zamani zaidi na ya nyua za nyumba. Pakiti inatumia jina lile lile kwa yote mawili, na mnunuzi anayetaka uchochoro wa karne nyingi zilizopita atafungua mfuko na kukuta yadi ya kiwanda.

Sasa reli, ambako ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko kwingine. Katika yadi halisi mawe hufika hadi usawa wa reli ili mikokoteni na malori yapite juu yake, na kinachoachwa ni mfereji mwembamba tu upande wa ndani wa kila reli kwa ajili ya ule ukingo wa gurudumu unaolizuia lisitoke njiani. Kwenye njia ya reli yenye upana wa milimita 16.5, mfereji huo unahitaji kama milimita 1.3 kila upande, kwa hiyo kipande cha katikati kinabaki na milimita 13.9. Hapa bidhaa ilinifurahisha bila kukusudia: mawe manne ya milimita 3.4 ni milimita 13.6, na hivyo safu moja inakaa mawe manne kamili na inayofuata inakaa matatu na nusu mbili, hakuna jiwe lililokatwa robo wala kipande chembamba kama ukucha. Mfereji unapata upana wa milimita 1.45, ambao ni mkubwa kidogo kuliko unaohitajika kwenye njia iliyonyooka lakini ni faraja kwenye njia inayopinda, ambako injini yenye magurudumu mengi huhitaji nafasi zaidi.

Kimo nacho kina hesabu yake. Reli inayojulikana kama kodi 100 ina kimo cha inchi 0.100, yaani milimita 2.54, na ile ya kodi 75 ina milimita 1.9. Bamba, pamoja na mawe yanayochomoza, nililipima milimita 0.7. Juu ya mataruma ya njia yangu ya kodi 100 nililaza kadibodi ya milimita 1.5, kisha bamba, jumla milimita 2.2, na hivyo mawe yakabaki chini ya uso wa reli kwa zaidi kidogo ya milimita 0.3. Ukiwa na kodi 75 tumia kadibodi ya milimita moja, ubaki na tofauti ya milimita 0.2. Tofauti hiyo ndogo haionekani kwa macho ila ina kazi kubwa, kwa sababu bila hiyo kifutio cha kusafishia reli kitakwangua rangi ya mawe kila unapokipitisha, na waya mdogo unaoning'inia chini ya viunganishi vya mabehewa vinavyofunguliwa kwa sumaku utakuwa unakwaruza njia nzima. Nilijaribu njia kwa namna ya kizamani: nikachukua behewa moja zito, nikafumba macho, nikalisukuma kwa kidole kimoja polepole. Penye mawe yaliyopanda kidole huhisi kabla jicho halijaona, na sikio husikia mkwaruzo mdogo unaofanana na wa kucha kwenye kitambaa. Nilipata sehemu nne za namna hiyo, tatu zikiwa ni tone la gundi iliyoganda ndani ya mfereji.

Ya nne ilikuwa ni kosa kubwa zaidi, nami sikulijua hadi wiki sita zilipopita. Nje ya reli, kwenye uwanja mpana, sikutumia kadibodi bali plastiki nene ya milimita mbili, nikabandika bamba juu yake kwa ile gundi ya majimaji inayoyeyusha plastiki na kuiunganisha. Maelekezo ya pakiti yanaipendekeza gundi hiyo kwa sentensi moja na kunyamaza. Siku ya kwanza kazi ilikuwa safi kama kioo, na kwa kuwa kipya kinyemi nilipiga picha kutoka kila upande. Kilichotokea ni kwamba mvuke wa gundi ulinaswa katikati ya tabaka mbili zilizobandikwa uso kwa uso, ukawa unatafuta njia ya kutoka na kulainisha plastiki taratibu, na bamba likaanza kuvimba katikati na kunyanyuka pembeni. Uwanja ulipinda kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango, ukausukuma ukingo wa karibu na reli juu kwa nusu milimita, na injini ya kwanza kupita pale ikainua gurudumu na kutoka njiani. Ilinibidi kubandua karibu bamba zima. Awamu ya pili nilitoboa matundu ya milimita mbili kwenye plastiki ya chini, kila baada ya milimita 25, ili mvuke uwe na mlango wa kutokea, na nilipaka gundi kidogo kwenye nukta badala ya kuimwaga. Mpaka leo uwanja umelala. Mtengenezaji angeandika mistari miwili tu kuhusu jambo hili ndani ya pakiti, mabamba mengi yangenusurika.

Maungio kati ya bamba na bamba ndiyo yanayofichua kazi ya haraka. Kingo za bamba zimekatwa kiwandani kwa mstari ulionyooka, hata pale ambapo mstari huo unapita katikati ya mawe, na ukiyasogeza mabamba mawili pamoja unapata mshono unaoonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Rangi haiufichi, kinyume chake, rangi nyepesi iliyozimuliwa hukimbilia humo na kuuchora. Dawa niliyoiona inafaa ni kukata kingo zote mbili kwa kufuata mawe, jiwe moja likitokeza na jingine likiingia, kama meno ya msumeno, kisha kuyaingiza mabamba meno ndani ya meno. Kwenye mshono wa milimita 200 kuna safu kama 95, na kila safu ni mikato miwili au mitatu ya kisu chenye wembe mpya. Nilichukua saa mbili na nusu kwa mshono wa kwanza na saa moja na robo kwa wa tatu. Mabamba yanaitikia kisu vizuri: plastiki ni laini kiasi cha kukatika kwa mpito wa pili, na haipasuki kwenye pembe. Hili ni jambo la kusifu kwa dhati, maana nimewahi kukata nyingine iliyokuwa ikivunjika kama kaukau. Lakini swali linabaki pale pale: kwa nini bamba lisitoke kiwandani likiwa na meno tayari?

Upande wa mwinuko, bamba lina adabu. Barabara ya upana wa mita 6 huwa na karibu milimita 79 katika 1:76, na mteremko wa moja kwa arobaini kutoka katikati hadi ukingoni ni milimita moja tu kila upande. Niliweka ukanda mwembamba wa kadibodi katikati, nikalaza bamba juu yake, nalo likapinda kwa utaratibu bila kudai gundi ya nguvu. Milimita hiyo moja inaleta tofauti kubwa kuliko mtu anavyotarajia, kwa sababu mwanga wa pembeni huangukia nusu moja ya barabara na kuiacha nyingine, na hapo ndipo mawe yanapoonekana yana uzito.

Konani ndiko bidhaa iliponishinda kabisa. Bamba hupinda kwenda juu na chini lakini halipindi kwenda kushoto na kulia, na barabara inayokata kona huhitaji safu zinazofunguka kama mbavu za feni, zikiwa pana upande wa nje na nyembamba upande wa ndani. Fundi halisi alifanya hivyo kwa kuchagua mawe yaliyochongwa kabari. Nilijaribu kukata bamba kuwa vipande vya safu tano tano na kuvipanga kwa pembe, nikapata kitu kinachofanana na ngazi iliyoanguka. Niliking'oa chote, nikaweka udongo wa kufinyangia unaokauka wenyewe, na nikachora mawe kwa mkono. Udongo unasinyaa unapokauka na hupasuka karibu na reli ukiwekwa mnene kwa mara moja. Tabaka mbili za milimita moja na nusu, ya kwanza ikipakwa juu ya gundi nyeupe ya mbao ambayo bado ni mbichi, zilitulia vizuri. Kwa kuchapa mawe nilitumia kipande cha bomba dogo la shaba nyeupe nililolibana kwa koleo hadi mdomo wake ukawa mstatili wa milimita 3.4 kwa 2.1, ili mawe ya kona yalingane na yale ya bamba. Ni kazi inayochosha shingo, mchapo mmoja baada ya mwingine, lakini kona ya sentimita 15 ilikamilika kwa jioni tatu na leo ndiyo sehemu ambayo watazamaji huinamia.

Njia nyingine nitazipitia kwa haraka, kwa kuwa nilizigusa tu ili kulinganisha. Rola ya kuchapia mawe kwenye povu gumu ni ya haraka ajabu, ila mchoro hujirudia kila rola inapomaliza mzunguko, na rola ya kipenyo cha milimita 20 hujirudia kila baada ya milimita 63, kwa hiyo jiwe lenye ufa utalikutana nalo tena na tena barabarani. Isitoshe, rangi nyingi za kopo la kupuliza hulila povu hilo. Plasta iliyomiminwa kwenye kalibu ya silikoni ina mawe mazuri kuliko yote niliyoyaona, na inachongeka, lakini ni nzito na humeguka kwenye ukingo wa mfereji, yaani pale pale inapohitajika kuwa imara. Karatasi iliyochapishwa picha ya mawe haina kina hata kidogo, nami nisingeiweka kwenye OO. Kwenye kipimo cha N, kilicho kidogo zaidi, ambako jiwe la sentimita 10 halifiki hata milimita 0.7, ndiyo niliyoiona ina haki zaidi kuliko plastiki yoyote.

Kuhusu rangi, mabamba yanakuja ya kijivu kinachong'aa, na yana mafuta ya kiwandani. Yasipooshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, rangi ya maji hujikusanya kama matone juu ya jani la mgomba. Baada ya kuosha na kupaka mpako wa msingi, yalishika vizuri. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuweka nyeusi ndani ya viungo vyote. Viungo vilivyojazwa lami huwa vyeusi, ndiyo, lakini vilivyojazwa mchanga, na hata vya lami vilivyokwisha kufunikwa na vumbi la miaka, huwa na rangi nyepesi kuliko mawe yenyewe. Nilipaka mawe rangi tatu za kijivu, moja ikielekea bluu na nyingine ikielekea waridi, nikachagua mawe mojamoja kwa brashi nyembamba, kisha nikamwaga rangi ya mchanga iliyozimuliwa sana na kuifuta juu kwa kitambaa kabla haijakauka. Safu zinazopakana na reli zilipata kutu kidogo, na pale malori yanaposimama mbele ya ghala kuna madoa ya mafuta, meusi katikati na ya kahawia pembeni. Mawe ya bamba yana ukwaru wa kutosha juu yake kushika rangi ya brashi kavu, yaani brashi iliyofutwa hadi ikabaki na rangi kidogo tu, na kwa hilo ninayapa alama zote.

Kwa hiyo, kwa yadi, gati au uwanja wa ghala wenye reli zilizonyooka na kingo za mraba, ningenunua pakiti nyingine kesho, nikijua kwamba nusu ya kazi iko kwenye kisu na si kwenye mfuko. Kwa mtaa unaopinda, au kwa njia panda ya tramu, ningeacha mabamba dukani na kununua udongo. Katika pakiti yangu limebaki bamba moja, na hilo nimeanza kulikatakata mawe mawili mawili, kwa ajili ya pembe tatu ndogo zilizobaki wazi pale reli mbili zinapoachana, ambako hakuna kipande kikubwa zaidi kinachoingia.